Upinde wa Mvua na Kivuli cha Alasiri

Huko Bombo, wilayani Same, mvua za vuli na masika huja na swali ambalo watoto hawachoki kuliuliza: upinde ule umetoka wapi, na je, ni kweli kwamba ukitokea hukata mvua? Wazazi tusilinyamazishe, maana mwenye shamba hupanga kazi zake kwa jibu lake.

Mwali wa jua uingiapo katika tone la mvua hupinda, hurudishwa na ukuta wa nyuma wa tone, kisha hupinda tena utokapo. Kila rangi hupinda kwa kadiri yake, nyekundu kidogo na zambarau zaidi, ndipo nuru nyeupe ikafumuka. Sharti jua liwe nyuma yetu na mvua mbele yetu. Hata mume na mke waliosimama bega kwa bega, kila mmoja huona upinde wake, kwa matone yake.

Aliyelifumbua jambo hili ni Kamal al-Din al-Farisi, mwanachuoni wa Uajemi aliyefariki takriban mwaka 1319, katika Tanqih al-Manazir, sharhi ya kitabu cha Ibn al-Haytham. Hakubishana na mawingu. Alijaza maji katika tufe la kioo, likawa ndilo tone lake, akaliweka chumba cha giza na kufuatilia nuru ndani yake. Akatambua pia kwamba upinde wa pili, ule hafifu wenye rangi zilizogeuka, ni wa nuru iliyorudishwa mara mbili. Zama zilezile Theodoric wa Freiberg, Ujerumani, alifikia jibu lilo hilo bila wawili hao kujuana. Siri ya rangi ilimngoja Newton.

Upinde hukaa nyuzi 42 kutoka kivuli cha kichwa cha mtazamaji. Jua likipanda zaidi ya hapo, aliye uwandani haoni kitu. Likishuka hadi hapo, kivuli cha mtu huwa kimezidi urefu wake kidogo, nacho ni karibu sawa na kipimo cha kuingia Alasiri. Basi Adhuhuri mvua na jua hukutana bila upinde. Alasiri hujitokeza mashariki, upande wa Mkomazi. Asubuhi, kabla ya saa tatu, huonekana magharibi, penye mlima. Jioni milima huwahi kulificha jua, na upinde hutoweka ingawa mvua ingali inanyesha.

Ama kukata mvua, upinde hauna uwezo huo. Mvua za Upare huletwa zaidi na pepo za mashariki zitokazo Bahari ya Hindi. Upinde wa asubuhi huonyesha mvua iliyokwisha kufika mlimani. Wa alasiri huonyesha mvua iliyo bado upande inakotokea. Wazee wa Ulaya husema kinyume, kwa kuwa mawingu yao hutoka magharibi. Aliyeanika mahindi Bombo, akauona upinde upande wa Mkomazi saa kumi, afadhali aanue.