Pembe, Ovari na Mbelewele

Mfugaji wa mbuzi wa maziwa hapendi pembe. Beberu huvunja nazo mbao za banda, na majike hupigana horini hadi mimba zikaharibika. Kuchoma vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto nako ni mateso kwa mwanambuzi. Basi akizaliwa asiye na pembe, wazo la kwanza ni kumtafutia mwenzake wa namna hiyo wapandishwe.

Huko Meru na Tharaka, ambako katika miaka ya 1990 shirika la FARM-Africa lilisaidia kuchanganya damu ya Toggenburg wa Uswisi na ya mbuzi wa kienyeji, wazo hilo lina hatari. Jike aliyerithi kutoota pembe kwa baba na pia kwa mama hunenepa vizuri, lakini joto halimjii. Ndani yake, mahali pa ovari, mna korodani, ingawa kromosomu zake ni XX, za kike. Ni huntha. Dawa yake ni rahisi: mzazi mmoja lazima awe na pembe.

Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, miongoni mwao Eric Pailhoux, walieleza chanzo: kipande cha DNA chenye herufi zaidi ya 10,000 kimeng'oka. Kipande chenyewe hakitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kuamuru jeni nyingine ziwake, ikiwemo FOXL2, iliyo mbali kwa herufi zaidi ya 200,000. FOXL2 isipowaka, tezi changa ya kijusi jike huacha kuwa ovari ikawa korodani. Mwaka 2014 Wafaransa hao waliizima FOXL2 yenyewe. Mbuzi wa XX wakaota korodani, tena wakazaliwa bila kope, kwa kuwa jeni hiyohiyo hujenga kope pia.

Mahindi nayo yana uamuzi wa aina hii. Kila ua changa la mbelewele huanza na viungo vya kiume na vya kike pamoja. Kisha jeni iitwayo tasselseed2, iliyotambuliwa Marekani mwaka 1993, huziua seli za kike, kikabaki kiwanda cha chavua. Ikiharibika, punje huota kileleni.

Lakini seli ya mhindi ikishakufa, shauri limekwisha. Ovari haina raha hiyo. Mwaka 2009 watafiti waliizima FOXL2 katika panya majike waliokwisha kukomaa, na seli za ovari zao zikaanza kugeuka za korodani, zikatoa homoni ya kiume kwa kiwango cha panya dume.