Mkutubi wa shule sio mtunza funguo

Wadau, ukitaja mkutubi wa shule wengi wanamfikiria mtu wa kushika funguo, kugonga muhuri na kufokea wanaopiga stori. Hiyo ni kazi ndogo jamani. Kazi yenyewe ni kumfundisha mwanafunzi kuihoji habari.

Chukua hapa kwetu Kilangali, penye shamba la mbegu. Tuseme mwanafunzi kapewa swali la mbegu za mpunga. Mkutubi anampeleka rafu ya kilimo, namba 630 kwa mpangilio wa Dewey, halafu anamwambia aangalie kwanza mwaka wa kuchapwa. Kwa nini? SARO 5 iliwafikia wakulima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kitabu cha 1985 hakiwezi kuitaja, hata kiwe kizuri vipi. Akiingia mtandaoni maswali ni yale yale: nani kaandika, lini, na anapata nini mimi nikimwamini?

Hilo la mwisho ndio lenye pesa. Serikali ilipoisimamisha DECI mwaka 2009, watu walishatoa hela zao wakiambiwa "wanapanda" ili waje "kuvuna". Mavuno yenyewe yalikuwa hela za waliojiunga nyuma yao. Upatu mtupu!

Sasa shule zetu nyingi maktaba anaachiwa mwalimu ambaye tayari ana vipindi kibao, anafungua akipata nafasi. Na chuo cha ukutubi tunacho, SLADS pale Bagamoyo, tangu 1989. Wahitimu wake waletwe na huku kwenye sekondari za kata, sio kuishia mjini tu.