Ajizi ni nyumba ya njaa, hata mtandaoni

WAHENGA waliponena kuwa ajizi ni nyumba ya njaa, intaneti haikuwapo. Hata hivyo, methali hiyo inamhusu barabara yule afunguaye biashara mtandaoni leo kisha akaitelekeza baada ya miezi michache, akidai kwamba mtandao hauna faida.

Chanzo cha kosa hili ni urahisi wa kuanza. Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa 2007, na kufikia 2009 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilikuwa zimefika Mombasa. Siku hizi mwenye simu anaweza kutangaza bidhaa na kupokea malipo bila kukodi duka. Lakini kilichopungua ni gharama ya kulifungua duka, si kazi ya kuliendesha.

Uvivu huo hujitokeza kwa njia tatu. Kwanza ni kunakili. Muuza viatu wa Gikomba anayechukua picha za mwenzake badala ya kupiga zake humletea mteja kiatu kisichofanana na alichokiona. Mteja huyo harudi. Isitoshe, mnamo Februari 2011 kampuni ya Google ilibadilisha mfumo wake wa utafutaji ili kuzishusha kurasa zenye maelezo hafifu au yaliyonakiliwa kwingineko.

Pili ni kutojibu. Mtu akiuliza bei, huambiwa aandike ujumbe wa faragha, kisha ujumbe wenyewe hukaa siku mbili bila kusomwa. Sokoni mnunuzi huiona bidhaa na uso wa muuzaji. Mtandaoni jibu la haraka na la kweli ndilo uso wenyewe.

Tatu ni njia za mkato. Wapo wanaonunua wafuasi bandia, ilhali wafuasi hao hawanunui hata soksi. Wengine hutuma matangazo kwa nambari za watu wasioyaomba. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahitaji idhini ya mhusika kabla ya habari zake kutumiwa kibiashara, isipokuwa pale sheria inaporuhusu.

Ni kweli kwamba si kila anayeanguka ni mvivu. Mtaji haba na gharama ya usafirishaji huwaangusha hata wenye bidii. Ila uvivu wa mtandaoni una hila yake: hauna mwenye nyumba wa kudai kodi kila mwezi, na mtu anaweza kushinda akitazama simu akadhani anafanya kazi.

Dawa yake si ngumu. Muuzaji atenge saa maalumu kila siku za kujibu wateja, apige picha zake mwenyewe, aandike bei waziwazi, na kila mwisho wa wiki ahesabu walioulizia na walionunua. Tofauti ya hesabu hizo mbili itamwonyesha kazi yake inapovuja.