Kitako cha fuvu na ubishi juu ya usemi

Anayemwogesha kichanga huupitisha mkono kwa hadhari juu ya utosi, pale panapodundadunda kwa kuwa mifupa haijaungana. Lakini mageuzi makubwa zaidi yanaendelea mahali mkono usipofika, kwenye kitako cha fuvu: mifupa ambayo ubongo umeikalia, na ambayo kwa upande wa chini ndiyo dari ya koo.

Kitako huanza kikiwa gegedu, ambalo hugeuka mfupa kidogo kidogo. Vipande vyembamba vya gegedu hubaki kati ya mfupa na mfupa, na hapo ndipo urefu unapoongezeka. Sehemu ya mbele hufuata ubongo. Mtoto akifika miaka 6 au 7 inakaribia ukubwa wa utu uzima. Ya nyuma hukawia. Kiungo chake cha mwisho cha gegedu hufungana wakati wa balehe, wasichana wakitangulia, ndiyo maana wachunguzi wa mabaki ya maiti hukitazama wanapokadiria umri.

Kinachovutia zaidi ni pembe. Ukilitazama fuvu kwa ubavu, sehemu hizo mbili hukutana karibu na kishimo cha tezi ya pituitari. Kwa binadamu pembe yake hupungua baada ya kuzaliwa, yaani kitako hujikunja. Kwa sokwe hupanuka, tena hadi ukubwani.

Mkunjo huo ndio ulioingizwa katika ubishi juu ya usemi. Mwaka 1971 watafiti Philip Lieberman na Edmund Crelin walilichunguza fuvu la Neanderthali, binadamu wa kale aliyekwisha kutoweka, lililopatikana La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa. Waliona kitako chake kinafanana na cha kichanga, ambaye zoloto lake, yaani kisanduku cha sauti, liko juu kooni, wakahitimisha kwamba Neanderthali hakuweza kutamka sauti zetu zote. Hoja ilipendeza: nyama huoza, ila mkunjo wa mfupa ungetuonyesha zoloto lilikaa wapi.

Mwaka 1999 watafiti wengine, Daniel Lieberman na Robert McCarthy, walipima picha za eksirei za watoto wa Denver, Marekani, waliopigwa picha tena na tena walivyokuwa wakikua. Mkunjo ulikuwa umekamilika karibu wote kabla ya miaka 2, ilhali zoloto liliendelea kushuka kwa miaka mingi. Mambo mawili yasiyokwenda pamoja hayawezi kutoleana ushahidi. Neanderthali, kwa maoni yangu, alihukumiwa ububu haraka mno.

Watetezi wake hutaja pango la Kebara, Israel, ambako mwaka 1983 ulipatikana mfupa wa Neanderthali unaoshikilia shina la ulimi, unaofanana sana na wetu. Lakini nao una kasoro ileile: umbo lake halisemi ulining'inia kimo gani shingoni.