Marekani: siku moja ya kuteleza kwenye theluji sasa inazidi dola 300

Huko Park City, katika jimbo la Utah, mtu anayefika mlimani wakati wa sikukuu bila kununua tiketi mapema anaombwa zaidi ya dola 300. Pesa hizo si za chumba wala za chakula, na mbao za ski anakodi pembeni. Ni za siku moja tu ya kupandishwa juu kwa viti vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma, ili ateremke akiteleza. Bwana na bibi wakienda pamoja, dola 600 zimekwisha hata kabla ya kunywa chai.

Kwa msomaji wa Beni au Butembo, ambaye theluji anayoijua ni ile ya Ruwenzori, habari hii ni ya mbali. Lakini wako Wakongomani katika Salt Lake City, mji ulio karibu kilomita 50 na Park City, na wengi walipelekwa huko kama wakimbizi. Milima myeupe wanaiona wakiwa mjini. Kuiteremka kwa ski ni jambo lingine.

Zamani haikuwa hivi. Kituo cha Vail, katika jimbo la Colorado, kilipofunguliwa mwezi wa 12 mwaka 1962, tiketi ya siku ilikuwa dola 5. Ukihesabu jinsi bei za vitu zilivyopanda tangu hapo, dola 5 hizo leo zingekuwa karibu 50. Hizo nyingine zimetoka wapi?

Gharama zipo, ni kweli. Mashine za kutengeneza theluji zinakula maji na umeme mwingi, na kadiri baridi inavyopungua ndivyo zinavyowashwa zaidi. Lakini Ufaransa, Italia na Austria wanazo mashine hizo hizo, na katika vituo vyao vingi siku moja bado iko chini ya euro 100.

Jibu kubwa liko kwenye mbinu ya biashara. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts ilianza kuuza Epic Pass, kadi ya msimu mzima, kwa dola 579. Kadi inauzwa miezi mingi kabla ya msimu, na mauzo yanafungwa mwanzoni mwa mwezi wa 12. Theluji ianguke isianguke, kampuni imekwisha kupokea pesa. Na ili watu wakubali kulipa mapema hivyo, tiketi ya mlangoni inapandishwa mpaka itishe. Mwaka 2021 kampuni ilipunguza bei ya kadi kwa asilimia 20. Tiketi ya siku yenyewe ikazidi kupanda. Mshindani wake, Alterra, alileta kadi ya Ikon mwaka 2018 kwa mbinu hiyo hiyo.

Leo Epic Pass imevuka dola 1,000 na inafungua vituo zaidi ya 40. Anayeteleza siku 20 kwa mwaka analipa kama dola 50 kwa siku, bei ya haki kabisa. Zipo pia kadi za siku chache, za bei nafuu, nazo lazima zinunuliwe mapema. Anayebanwa ni mgeni anayetaka kujaribu mara moja, au mfanyakazi ambaye mwezi wa 9, kodi ya nyumba ikimsubiri, hana pesa ya kuweka kwenye theluji ambayo bado haijaanguka.

Tarehe 27 mwezi wa 12 mwaka 2024, walinzi wa mlima wa Park City, karibu watu 200, waligoma katikati ya sikukuu. Hao ndio wanaolipua theluji inayotaka kuporomoka na kuwateremsha waliovunjika miguu. Anayeanza kazi alilipwa dola 21 kwa saa. Sendika yao ilidai 23. Mlinzi kama huyo angehitaji saa 15 za kazi kulipia siku moja ya mgeni anayemlinda. Sehemu kubwa ya mlima haikufunguliwa, na wageni walisimama kwenye foleni ndefu kwa tiketi zilezile za bei ya juu. Tarehe 8 mwezi wa kwanza 2025 mgomo uliisha, dola mbili zikapatikana. Wageni walipewa fidia ya nusu, lakini ya kutumia katika kununua kadi ya msimu uliofuata tu.

Mwezi wa 5 mwaka 2025 mkurugenzi Kirsten Lynch aliondoka, akarudi Rob Katz, aliyeiongoza kampuni wakati kadi hiyo ilipozaliwa. Kwa msimu wa 2025-2026 kampuni ikaleta tiketi za nusu bei kwa marafiki wa wenye kadi. Nusu ya 300 ni 150, na sharti kwanza umpate rafiki mwenye kadi.

Katika Sugar House Park, ndani ya Salt Lake City yenyewe, watoto wanateleza kilimani juu ya vibao vya plastiki. Wanapanda tena kwa miguu, na hakuna anayewauliza tiketi.