Sheria ya Moyano na Mshahara wa Mwalimu
Tunapochambua elimu katika mfumo wa kibepari, hatuna budi kumtazama Claudio Moyano (1809–1890), waziri wa Hispania kutoka chama cha wenye mali. Sheria yake ya Septemba 9, 1857 iliwalazimu watoto wa miaka 6 hadi 9 kusoma, na wasiojiweza walisamehewa ada. Hiyo ilikuwa hatua, hatukatai. Lakini gharama za shule za msingi zilitwishwa halmashauri za miji na vijiji. Vijijini, hasa kusini ambako mabwanyenye wachache walihodhi ardhi, hazina zilikuwa tupu. Mwalimu alikaa miezi bila mshahara, hata njaa ya mwalimu ikawa methali ya Wahispania. Mtoto wa kibarua akabaki shambani. Serikali kuu iliibeba mishahara hiyo mwaka 1901, Moyano akiwa kaburini miaka 11.