Magurudumu ya Motakaa za Spoti na Njia za Nyanda za Juu Kusini

Wasikilizaji wetu, nanyi wanafunzi mnaoyasoma mazungumzo haya kitabuni, leo twapenda kueleza habari ya kuchagua rimu na matairi ya motakaa ya spoti, yaani motakaa iliyoundwa kwa mwendo wa kasi na kona kali. Huenda mzee mmoja kijijini akauliza, "Jambo hilo lanihusu nini, nami naenda shambani kwa miguu?" Lamhusu sana. Kijana ashukaye Mlima Kitonga kwa Subaru ni mtoto wa mtu, na barabara aipitayo ndiyo ivukwayo na watoto waendao shule. Tena mara nyingi kijana huyo humwendea baba au mjomba kuomba msaada wa fedha za kununulia rimu mpya. Yafaa basi baba naye ayajue maswali ya kuuliza kabla hajafungua mkoba.

Mbeya na Iringa motakaa za namna hii si ngeni. Subaru Impreza na Toyota Altezza nyingi hutumika kwanza Japani, kisha huletwa kwa meli hadi Dar es Salaam zikiwa za mtumba. Mnunuzi aghalabu hupenda kuyabadili magurudumu kwanza: huyaondoa yaliyotoka na gari kiwandani, akaweka rimu pana zenye kung'aa. Hatusemi kwamba ni vibaya. Rimu nzuri hupendeza, na tairi jema laweza kuizidishia motakaa nguvu ya kushika njia. Neno letu ni moja tu: gurudumu huchaguliwa kwa kuitazama barabara na uzito wa gari, si kwa kulifurahisha jicho.

Fikirini. Motakaa ya tani moja na zaidi huigusa ardhi mahali panne tu, na kila mahali ukubwa wake ni kadiri ya kiganja cha mtu mzima. Kwenda, kusimama na kupinda kona, vyote vyategemea viganja hivyo vinne vya mpira.

KUSOMA CHETI CHA TAIRI

Kila tairi limeandikwa ubavuni, na maandishi hayo ni kama cheti chake. Tutwae mfano wa 205/55R16 91V, kipimo kilichotoka kiwandani katika Impreza nyingi. Tarakimu 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Tarakimu 55 ni kimo cha ubavu, nacho ni sehemu 55 katika mia ya upana huo. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimelazwa kukingama kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Namna hiyo ya kuunda matairi iliandikishwa na Michelin wa Ufaransa mwaka 1946, na siku hizi ndiyo itumikayo karibu katika motakaa zote ndogo. Tarakimu 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tarakimu 91 ni alama ya uzito, maana yake tairi hilo laweza kubeba kilo 615. Herufi V ni mwendo usiozidi kilomita 240 kwa saa. Herufi hii si ruhusa ya kukimbia. Ni ushahidi kwamba tairi lilijaribiwa likastahimili joto la mwendo huo.

Sasa, wanafunzi, shikeni kalamu. Inchi moja ni milimita 25.4. Basi rimu ya inchi 16 ina kipenyo cha milimita 406.4. Ubavu wa tairi letu ni 205 mara 55 gawanya kwa 100, yaani milimita 112.75, nao uko juu na chini, hivyo ni milimita 225.5. Jumlisheni, nanyi mtapata kimo cha gurudumu zima kuwa milimita 631.9.

Kijana akitaka rimu ya inchi 17, aweza kuchagua tairi la 225/45R17. Fanyeni hesabu ile ile, mtapata milimita 634.3. Tofauti haifiki hata milimita tatu, kwa hiyo motakaa haitasumbuka. Lakini akivutwa na rimu ya inchi 18, akavisha tairi la 225/55R18 kwa sababu liliuzwa rahisi, kimo kitakuwa milimita 704.7, yaani zaidi ya cha kwanza kwa sehemu 11 katika mia. Hapo mshale wa mwendo utasema kilomita 80, ilhali gari lakwenda karibu 89. Na akikata kona, tairi laweza kukwaruza madigadi. Hesabu ya darasani, ndugu zetu, imemwokoa mtu gharama.

RIMU NAYO INA VIPIMO VYAKE

Wengine hudhani kwamba rimu yoyote yenye matundu matano itaingia katika gari lolote lenye nati tano. Sivyo. Matundu hupangwa juu ya duara, na kipenyo cha duara hilo hutofautiana. Impreza nyingi zina duara la milimita 100, lakini Altezza ina la milimita 114.3. Tundu kubwa la katikati nalo ni milimita 56.1 kwa Impreza na 60.1 kwa Altezza. Rimu ikilazimishwa kwa nati mahali isipostahili, hukaa upande, nayo hutikisika mpaka nati zikalegea.

Kuna na kipimo cha kukaa ndani au nje. Rimu ikitokeza nje mno, hupendeza machoni mwa wengine, lakini huzielemea beringi na huufanya usukani kuvutwa kila gurudumu likanyagapo shimo. Ikiingia ndani mno, yaweza kugusa springi au breki. Tena motakaa nyingine za spoti zina breki kubwa ambazo rimu ndogo haizivuki. Kwa hiyo kabla ya kulipa, rimu moja ijaribiwe garini, izungushwe kwa mkono, na usukani ukatwe hadi mwisho wa kulia na wa kushoto.

BARABARA ZETU ZATAKA NINI?

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupanda Kitonga, ikapita Ilula, Iringa, Mafinga na Makambako, ikafika Mbeya na kuendelea hadi Tunduma mpakani mwa Zambia. Ina lami, lakini malori mazito huipita mchana na usiku, nayo hubonyea na kutoboka. Vijijini mna matuta ya kupunguza mwendo. Ukiiacha barabara kuu, mara nyingi waingia katika changarawe na udongo mwekundu.

Hapa ndipo ubavu wa tairi unapoonyesha kazi yake. Kadiri rimu ilivyo kubwa, ndivyo ubavu ulivyo mfupi, kwa kuwa kimo cha gurudumu zima lazima kibaki kile kile. Ubavu mfupi haupindi sana, kwa hiyo motakaa huitii mikono upesi kwenye lami laini. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini likiangukia shimo, tairi hubanwa kati ya ukingo wa rimu na ukingo wa shimo kama kidole mlangoni. Nyuzi za ndani hukatika, ubavu ukatoa uvimbe, na rimu ikapinda au ikapasuka. Tairi lenye uvimbe halina dawa. Na likipasuka katika mteremko wa Kitonga, huku ukuta wa mlima u upande mmoja na bonde upande wa pili, dereva hana nafasi ya kujifunza.

Tazameni wanavyofanya mabingwa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 2021 yalirudi Kenya katika orodha ya mashindano ya ulimwengu. Katika mashindano hayo ya ulimwengu, magari ya daraja la juu huvaa rimu za inchi 18 penye lami. Lakini penye changarawe na mawe huvaa rimu za inchi 15 zenye matairi ya ubavu mrefu. Hao wana mafundi, na mwendo wao washinda wetu sote, nao wasipoona haya kuvaa rimu ndogo, kijana wa Mwanjelwa au Ipogoro aone haya kwa nini? Kwa njia zetu, rimu ya inchi 16, au 17 kwa mwenye kukaa sana lamini, yatosha kwa Impreza ya kawaida.

MVUA, UZEE NA UPEPO

Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mifereji ya tairi ndiyo njia ya maji kutoka. Mifereji ikiisha, gari huelea juu ya maji kama mtumbwi, na usukani hauna kazi. Nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa mwisho wa kina cha mifereji, lakini penye mvua nyingi ni busara kulitoa tairi mapema.

Yafaa pia kuutazama umri. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yaanzayo na DOT, mna tarakimu nne: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani; hukauka na kufanya nyufa. Matairi ya mtumba yaonekanayo mapya yamewadanganya wengi kwa sababu hiyo. Jihadharini pia na yaliyoandikwa STUDLESS. Hayo ni ya theluji ya Japani, mpira wake ni laini mno kwa lami yenye joto, nayo huisha upesi na kuyumba konani.

Upepo nao una elimu yake. Mji wa Mbeya uko kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya nje hupungua uzito kadiri tupandavyo, hivyo tairi lililojazwa Dar es Salaam laweza kuonyesha pauni mbili au zaidi juu ya kipimo. Lakini baridi ya Mbeya hulinywesha tena. Kwa kuwa mambo hayo mawili hupingana, msikisie. Pimeni asubuhi kabla gari halijatembea, mkifuata kipimo kilichobandikwa na kiwanda mlangoni mwa gari.

Mwisho, rimu zikiisha kuvishwa, zipimwe balansi. Nati zikazwe kwa kurukana mfano wa nyota, zisifuatane kwa mzunguko. Na baada ya kilomita 80 hivi zikazwe tena, maana rimu mpya hujikalisha.

Basi, baba au mjomba akiombwa fedha, na aulize maswali haya: Duara la nati ni lipi? Kimo cha gurudumu kimebadilika kwa kiasi gani? Tairi laweza kubeba uzito gani, nalo lilitengenezwa lini? Kijana akiyajibu yote, apewe kwa moyo mweupe. Na fedha zikiwa chache, zianze kununua matairi manne mapya ya kipimo cha kiwandani; rimu za kung'aa zingoje mavuno mengine. Kiung'aacho huonekana na watu gari likisimama, bali kinachoishika njia ni mpira.